Jua Lipasualo Maji, na Mawe Yapitayo Kasumbalesa

Mji wa Kasumbalesa umekua kwa sababu ya njia. Hapa ndipo barabara kuu itokayo Lubumbashi, mwendo wa kilometa 90 hivi, inapokutana na mpaka wa Zambia. Na hapa ndipo malori husimama safu kwa safu, mchana na usiku, yakingoja karatasi zao zipigwe mhuri. Yaendayo kusini yamechukua shaba na kobalti ya Katanga. Yaingiayo yamechukua mafuta ya petroli, unga wa mahindi, saruji na mifuko ya mbolea. Mama wa Lubumbashi apikaye bukari jioni, hata kama hajafika Kasumbalesa siku zake zote, bei ya chungu chake imepimwa mpakani.

Siku hizi habari imeenea redioni na magazetini: ati mabingwa wa elimu wamepata njia ya kuyapasua maji kwa nguvu ya jua, wapate humo hewa iwakayo iitwayo hidrojeni, ambayo moto wake hauna moshi wala masizi. Wengine husikia wakacheka. Wengine huamini kupita kiasi, wakangoja siku ambapo gari litatiwa maji ya mto badala ya petroli. Yatupasa kulitazama jambo hili kwa utulivu, maana latuhusu kuliko tunavyodhani. Mojawapo ya madini yapitayo mpakani hapa limo katika kazi hiyo. Na mmojawapo wa mizigo iingiayo waweza kutengenezwa kwa njia hiyo hiyo.

MAJI NI MAJIVU

Hidrojeni ni hewa nyepesi kuliko zote. Haina rangi wala harufu, nayo kwa kawaida hukaa imeshikamana na vitu vingine, hasa katika maji. Jina lake lilitolewa na Mfaransa Lavoisier na wenzake katika karne ya 18, na maana yake ni "mzaa maji". Jina hilo lasema kweli. Hidrojeni ikiungua huungana na oksijeni ya hewani, na kitu kitokacho katika moto huo ni maji. Ukishika kioo baridi juu ya ndimi zake, utaona umande umekitanda.

Basi maji ni majivu ya hidrojeni. Neno hili moja likishikwa vema, mengine yote yatakuwa rahisi. Majivu ya kuni hayarudi kuwa kuni kwa kuombwa. Atakaye kuyarudisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni, sharti ayalipe nguvu yote iliyotoka siku yalipozaliwa, tena aongeze kidogo kwa ajili ya hasara ya njiani. Hakuna fundi wala mashine iwezayo kulikwepa deni hilo. Kwa hiyo mtu akija kukuuzia chombo cha kuliendesha gari kwa maji matupu, pasipo nguvu nyingine iwayo yote, ujue anakuuzia majivu kwa bei ya kuni.

Na kuni zenyewe ni kiasi gani? Katika lita 9 za maji, yaani chini kidogo ya nusu ya bidoni ya lita 20, mna kilo 1 ya hidrojeni na kilo 8 za oksijeni. Kilo hiyo 1 ya hidrojeni ikiungua hutoa joto la kilowati-saa 33, kwa kipimo kile kile kisomwacho kwenye mita ya umeme nyumbani. Joto hilo ni sawa na la kilo 4 hivi za makaa, au makala kama tusemavyo huku Katanga.

KAZI YA ZAMANI, NA KATANGA IMO

Watu walianza kuyapasua maji zamani sana. Mwaka 1800, mjini London, William Nicholson na Anthony Carlisle walichukua nyaya mbili kutoka betri ya namna iliyobuniwa na Mwitalia Alessandro Volta, wakazitumbukiza majini. Vipovu vikapanda. Walipotumia nyaya za platini, walipata hidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Tangu siku zile yajulikana kwamba umeme waweza kulilipa deni la maji.

Huku kwetu, mwaka 1929, kampuni ya Union Minière ilifungua kiwanda cha Shituru katika mji wa Jadotville, uitwao leo Likasi, ili kuisafisha shaba kwa umeme. Mwaka uliofuata mashine za Mwadingusha, katika mto Lufira, zikaanza kutoa umeme. Wazee waliofanya kazi za namna hiyo, na vijana wazifanyao leo katika viwanda vipya, wazijua nyumba za matangi. Maji yenye asidi na shaba iliyoyeyuka hupitishiwa umeme kati ya mabamba mengi. Juu ya bamba moja shaba hujipaka kidogo kidogo, hata ikawa ubao mzito mwekundu. Juu ya bamba la pili, ambalo ni la risasi, maji hupasuka, na oksijeni hutoka kwa vipovu. Vipovu hivyo vikifika juu hurusha ukungu wa asidi uwashao pua na macho, na kila mtu aliyesimama kando ya tangi aukumbuka.

Kumbe nusu ya kazi ya kupasua maji hufanyika Katanga kila siku! Nusu ya pili haionekani kwa sababu shaba imeshika mahali pa hidrojeni. Tena liko jambo la ajabu zaidi. Katika viwanda vingi vya namna hii duniani, mafundi huyatia maji ya tangi kobalti kidogo sana, kwa kuwa kobalti huisaidia oksijeni kutoka kwa urahisi, nayo huilinda risasi isiliwe upesi. Kobalti ni kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha kazi ya vitu vingine, nacho chenyewe hakitumiki kikaisha. Tulishike neno hilo, maana tutalikuta tena mbali na Katanga.

JUA LAINGIA KAZINI

Jua laweza kupasua maji kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuzunguka. Mabamba ya jua, yale tuyaonayo siku hizi juu ya mapaa ya maduka na zahanati, hugeuza nuru kuwa umeme, na umeme huo hupitishwa katika chombo cha kupasulia maji. Katika kila sehemu 100 za nguvu ya jua, bamba zuri hutoa kama 20 za umeme. Na chombo cha kupasulia kikishatoza ushuru wake, sehemu 12 au 13 hivi hubaki ndani ya hidrojeni. Njia hii imekwisha kukomaa, na viwanda vijengwavyo leo huifuata.

Njia ya pili ni ya moja kwa moja, bila waya. Yafanana na kazi ya jani la mahindi, ambalo tangu asubuhi hupasua maji kwa nuru ya jua, na kuachilia oksijeni tuivutayo puani. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Fujishima Akira na Honda Kenichi, walitangaza kwamba wameitumia oksidi ya titani, kitu kile kile kinachofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe, ikayapasua maji ilipoangaziwa na nuru. Ulimwengu wa elimu ulistaajabu. Lakini oksidi hiyo hushika nuru ya zambarau kali tu, isiyoonekana kwa macho, ambayo ni sehemu ndogo ya nuru ya jua. Sehemu kubwa huipita bure.

Mwaka 2008, huko Marekani, Daniel Nocera na mwenzake Matthew Kanan walitia chumvi ya kobalti na fosfati katika maji ya kawaida yasiyo na asidi kali, wakapitisha umeme. Utando mwembamba wa kobalti ukajipaka wenyewe juu ya bamba, nao ukaifanya kazi ya kutoa oksijeni kwa wepesi. Tena, ukichakaa, ulijitengeneza upya. Mwaka 2011 Nocera na wenzake wakaubandika utando wa namna hiyo juu ya kipande cha silikoni kilichoshika nuru ya jua, wakakitia majini. Vipovu vikatoka pande zote mbili. Watu wakakiita "jani la kufanyizwa kwa mikono". Jani hilo liliweka akiba ya sehemu 2 na nusu tu katika kila 100 za nguvu ya jua.

Mwaka 2020 kundi la Domen Kazunari, huko Japani, likaonyesha unga wa stronti na titani uliopakwa chembe za rodi, kromi na kobalti, ambao uliitumia karibu nuru yote iliyo ya aina yake kupasulia maji. Mwaka 2021 likatangaza kwamba limetandaza mabamba yenye unga wa namna hiyo juu ya mita za mraba 100, yakafanya kazi nje juani kwa miezi kadhaa pasipo ajali. Hata hivyo, wakati wa kufaulu kwake zaidi, shamba hilo la nuru lilihifadhi chini ya sehemu 1 katika 100. Safari bado ni ndefu. Lakini angalieni, ndugu zangu: Marekani ni kobalti, Japani ni kobalti. Jiwe lile lile lipitalo Kasumbalesa.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari.

Katika nchi yetu ya juu, wakati wa kiangazi ambapo mbingu hukaa bila wingu tangu Mei hata Septemba, kila mita ya mraba ya ardhi hupokea kilowati-saa 5 hadi 6 za nguvu ya jua kwa siku. Kwa njia ya kwanza niliyoieleza, kupata kilo 1 ya hidrojeni hutaka kilowati-saa 50 au 55 za umeme. Hivyo zatakiwa mita za mraba 50 au 60 za mabamba, zikifanya kazi siku nzima. Na mwisho wa siku, mwenye mabamba hayo yote atakuwa na joto la kilo 4 za makala.

Mama mwenye mbabula jikoni ataniuliza: "Mwalimu, mabamba yote hayo kwa kilo nne?" Ameuliza vema. Mwenye mabamba ya jua na apikie umeme wake moja kwa moja, awashe taa, aendeshe pampu ya kisima. Akiugeuza kuwa hidrojeni, kisha akaigeuza hidrojeni kuwa umeme tena, atabakiwa na theluthi moja ya alichokuwa nacho. Tena hidrojeni ni shida kuihifadhi: kilo 1 hujaza zaidi ya mita za ujazo 11 isiposhindiliwa, yaani chumba kidogo kizima. Kwa hiyo asitokee mtu kuwaambia akina mama wa Kasumbalesa kwamba hidrojeni itaziondoa mbabula nyumbani mwao kesho. Msitu wa miombo, ambao miti yake hukatwa na kuchomwa katika matanuru ya udongo ili kuilisha Lubumbashi, hauwezi kungoja hidrojeni. Utaokolewa kwa umeme wa kutosha, kwa majiko yasiyokula makala mengi, na kwa kupanda miti.

Je, elimu hii haina faida kwetu? Inayo, lakini yatupasa kuitafuta mahali pake.

KWANZA MBOLEA

Ziko kazi ambazo hidrojeni huzifanya, na umeme peke yake hauwezi. Iliyo kubwa ni mbolea. Tangu mwaka 1913, katika kiwanda cha Oppau huko Ujerumani, watu wamejua kuiunganisha hidrojeni na naitrojeni ya hewani kwa wingi, wapate amonia. Na amonia ndiyo mama wa urea na mbolea nyingine nyingi za shamba la mahindi. Dunia hutumia zaidi ya tani milioni 90 za hidrojeni kila mwaka, na karibu yote hutolewa katika gesi ya ardhini na makaa ya mawe, pamoja na moshi mwingi. Ndiyo sababu vita ilipoanza Ukraina mwaka 2022, na gesi ikapanda bei, mkulima wa Afrika aliona mfuko wa mbolea umepanda bei pia, ingawa hakuwa na ugomvi na mtu.

Kutengeneza mbolea kwa maji na umeme si ndoto. Huko Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza kazi hiyo mwaka 1960 kwa umeme wa mto Nili. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable kilipasua maji kwa miaka mingi kuwapatia wakulima mbolea, hata sehemu hiyo ikafungwa mwaka 2015. Na mwaka 2023, katika shamba la Morendat karibu na Naivasha, Kenya, kampuni ya Talus Renewables pamoja na Kenya Nut Company waliweka mtambo mdogo utumiao umeme wa jua, uliokusudiwa kutoa tani 1 hivi ya amonia kwa siku, shambani penyewe, bila meli wala lori la masafa marefu.

Sasa rudini kwenye daftari. Naitrojeni iliyomo katika mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 yataka kilo 5 hivi za hidrojeni. Yale mabamba ya mita 50 au 60, ambayo kwa siku tano yangempa mama joto la kilo 20 tu za makala, kwa siku hizo tano yangetoa hidrojeni ya mfuko mzima wa mbolea. Kilo ni ile ile, jua ni lile lile. Faida yapita mbali.

Na sisi twajua uzito wa mfuko huo. Ukame ulipoyaharibu mahindi ya Zambia mwaka 2024, na maji ya Kariba yakapungua hata umeme ukawa haba, Katanga nayo ilitikisika, kwa kuwa unga wake mwingi hupita Kasumbalesa. Jimbo lenye ardhi pana na jua jingi hununua bukari yake ng'ambo ya mpaka! Mbolea peke yake haitaliponya jambo hilo. Zatakiwa pia mbegu, barabara na bei ya haki kwa mkulima. Lakini mkulima asiye na mbolea huvuna kidogo. Kama hidrojeni ya jua itaingia siku moja katika nyumba za Katanga, yaelekea itaingia kwa mlango wa shamba, ikae ndani ya sahani ya bukari, wala hakuna atakayeiona.

Mitambo hiyo ni ghali, nayo yataka maji safi, mafundi hodari na ulinzi. Jua huzama jioni, na mtambo wa amonia haupendi kusimama na kuanza kila siku. Mambo hayo ndiyo yanayowashughulisha mabingwa sasa.

HADHARI KWA VIJANA

Vijana wenye bidii hupenda kujaribu mambo wanayoyasoma. Ni vizuri, lakini wajaribu shuleni, mbele ya mwalimu. Hidrojeni ikichanganyika na hewa, iwe sehemu 4 tu katika 100 au hata 75, yaweza kulipuka kwa cheche moja. Ndimi zake karibu hazionekani mchana, hata mtu aweza kuungua kabla hajajua kwamba pana moto. Tena mtu asitie umeme katika maji ya chumvi ya jikoni chumbani mwake, kwani humo hutoka klorini, hewa yenye sumu iharibuyo mapafu. Na umeme wa ukutani usiguswe kamwe kwa michezo hiyo.

NANI ATAKAYEIJUA KAZI HII?

Limebaki swali lililo kubwa kuliko yote. Nchi ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilizuia kobalti isitoke, kwa kuwa bei yake ilikuwa imeanguka sana. Na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ikaweka vipimo kwa kila kampuni. Wengi wakasema: "Tukilishika jiwe letu, dunia itatusikiliza." Labda kweli kwa betri za magari, ambazo hula kobalti kwa kilo nyingi. Lakini katika kazi ya kupasua maji, utando wa kobalti ni mwembamba mno, wala hautumiki ukaisha. Kobalti ya lori moja yaweza kufunika mabamba mengi ajabu. Basi asitumaini mtu kwamba kwa kazi hii dunia itakuja kutununulia mawe kwa wingi. Yule ajuaye kuupaka utando ndiye atakayelipwa, na ujuzi huo hauchimbwi kwa sururu.

Dalili za heri zipo. Mwezi wa Aprili 2022 Kongo na Zambia walitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika kutengeneza vitu vya betri, ili madini ya pande zote mbili za mpaka huu yasiondoke yote ghafi. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilichofungua milango yake mwaka 1956, kimewekwa kituo cha kuyachungua madini ya betri. Mahali palipo na watu wajuao kobalti, umeme na asidi, hapako mbali na elimu ya kupasua maji. Kinachotakiwa ni vijana watakaoingia humo wakiwa tayari.

Nawageukia wazazi. Shule nyingi hufundisha kemia kwa chaki peke yake, na mtoto hukariri alama za vitu asivyopata kuviona. Mzazi afanyaye kazi katika nyumba ya matangi ana somo zima mikononi mwake. Na amweleze mwanawe jioni jinsi shaba inavyojipaka, na vipovu vinatoka upande gani. Mwalimu naye na aanzie hapo, kwenye kiwanda ambacho watoto wakijua, kisha awapeleke London ya 1800 na Japani ya 1972. Na mzazi aliye dereva wa lori, anayelala siku kadhaa katika safu ya Kasumbalesa, ajue kwamba mzigo alioubeba ni zaidi ya tani na karatasi; amwambie mtoto wake jina lake na kazi yake.

Mababu zetu wengi walisimama kando ya matangi ya Shituru wakauvuta ukungu ule, wasielezwe umetoka wapi. Mtoto wa leo na aelezwe.